Risasi za Polepole

Wiki iliyopita fundi wangu wa nguo aliniletea gauni la kitenge. Limeshonwa vizuri, mikono ya puto kama nilivyotaka, na mimi nikashindwa kulivaa. Lilinuka mafuta ya cherehani. Fundi akadhani nimeuona mshono mbaya, akaanza kujitetea kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia, dada, mshono hauna kosa, niachie tu nilifue kwanza. Ningemwelezaje? Mafuta yale kwa wenzangu ni harufu ya nguo mpya na sikukuu. Kwangu ni harufu ya baba ameketi kibarazani, kitambaa mapajani, anasafisha bunduki yake, na mimi nimejibanza karibu naye naamini kila analosema.

Na kweli nilikuwa naamini. Ninyi wa rika langu mnajua tulivyolelewa: baba akisema leo ni Jumapili, unakwenda kutafuta viatu. Wa kwangu tena alikuwa katekista wa kigango chetu, huko juu upande wa Mkumbi, mtu aliyeaminiwa na padri, wazee na wenye kesi zao. Mimi nilirithi jina la marehemu mama yake, Skolastika, na kwa sababu hiyo hakuwahi kuniita jina. Aliniita Mama. "Mama, umekula?" "Mama, njoo usalimie wageni." Mbele za watu alinipa mkono kwa heshima kana kwamba ni mimi niliyemzaa, watu wakacheka, nami nikavimba kichwa. Mama mzazi alisema ananidekeza, na alikuwa ananidekeza kweli.

Bunduki yenyewe ilikuwa ndogo, yenye kibali, na risasi zake nyembamba hazikuzidi kifundo cha kidole. Alikubaliwa kuwa nayo kwa ajili ya tumbili na ndezi waliokuwa wakimaliza mahindi ya kilima kizima. Ndezi, kwa asiyemjua, ni panya mkubwa wa kwenye matete, nyama yake inaishinda ya kuku, na anayebisha basi hajala. Baba akipiga, mlio ulivuka bonde, ukagonga mlima wa pili, ukarudi. Na sisi tulikuwa na desturi yetu pale mlimani: ukisikia bunduki ya katekista, unachukua bakuli unakuja. Hakuna wa kukufukuza. Hata akikosa walikuja, wakakaa, wakapiga soga, wakarudi na mabakuli matupu bila kinyongo. Mama ndiye aliyenuna. "Iko siku nitawapikia hayo mabakuli yenyewe," alisema, lakini hakuacha kugawa.

Mbwa wangu alitoka Lundo, kule ziwani, kwa shangazi, dada yake baba. Shangazi alimpandisha milimani akiwa mchanga, ndani ya kikapu cha usipa, vile visamaki vidogo vya Ziwa Nyasa, na mbwa akanuka samaki mpaka mvua zilipomwosha. Alikuja na jina lake tayari: Waseme. Shangazi alikuwa na ugomvi na majirani zake, na badala ya kujibizana nao alisimama uani jioni akamwita mbwa kwa sauti. Sisi tukaliacha jina lilivyo. Alimkabidhi kwangu, si kwa baba, wala kwa Kasiani mdogo wangu, ambaye alilia siku nzima. "Huyu ni wako, Mama," akasema, maana naye aliniita hivyo hivyo.

Waseme alikuwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa na sikio moja lililokunjika. Alipenda ukoko wa ugali kuliko mfupa. Alipokua akawa mbwa wa ndezi wa kusifiwa, akikaa upande mmoja wa matete bila kukohoa, baba upande wa pili. Usiku alilala mlangoni kwangu. Hakuna kitu nilichowahi kumiliki kabla yake, kwa sababu hata viatu vyangu vilikuwa vinamsubiri Kasiani.

Msimu mmoja, kabla mvua hazijaanza, baba alirudi kutoka Songea na boksi jipya la risasi. Alitafutiwa na rafiki yake, bwana nyama mstaafu, yaani askari wa wanyamapori wa zamani. Nilikuwa kibarazani akilifungua, nikauliza zina tofauti gani na zile za zamani.

"Hizi ni za polepole, Mama. Zinakwenda taratibu. Hazina kelele, hazisumbui mtu."

Basi. Akili ya mtoto ikakaa chini ikafanya kazi yake. Risasi ikienda polepole, mnyama ataiona inakuja, atasogea pembeni. Kwa hiyo hizi ni za kuonya, kama mama alivyowarushia kuku bonge la udongo akilenga kando makusudi. Niliona baba kapata huruma uzeeni, naye wakati huo hata mvi hana. Shuleni nikatangaza: "Baba yangu ana risasi za kuonya!" Wenzangu wakaona wivu, na hakuna hata mmoja aliyenisahihisha.

Leo nafahamu. Risasi ya kawaida huipita sauti yenyewe kwa mbio, ndiyo maana hupasua hewa ikasikika mpaka ng'ambo. Ile ya polepole haiifikii sauti, unabaki mlio mdogo wa baruti na wa pini inayogonga ukingo wa ganda. Inaua vizuri tu. Kwa kuwa haina nguvu nyingi, mpigaji lazima amsogelee mnyama, na mnyama mwenyewe lazima awe ametulia.

Ndipo yakaja mambo ya mbuzi. Jirani yetu wa chini, Mama Otmari, alikuta mwanambuzi wake ameraruliwa. Baada ya siku kadhaa akakuta mwingine, na safari hii watu walimwona Waseme anapanda njia, mdomo mwekundu. Nilisema aliukuta mzoga. Thubutu! Kwetu mbwa akishaonja damu ya mbuzi haachwi, na kila mtoto analijua hilo. Mama Otmari akaja nyumbani na yule mwanambuzi begani, akamtua katikati ya uwanja.

"Tumsifu Yesu Kristo, katekista."

"Milele, amina. Karibu, mama."

"Sikai. Mimi sina maneno mengi. Mbwa wako au mbuzi wangu, mmoja abaki."

Baba akasema amesikia. Mimi nikakimbilia nyuma ya jiko nikamkumbatia Waseme shingoni, nikalia mpaka nikatapika. Baba alinifuata. Akachuchumaa, akanifuta uso kwa kiganja chake.

"Nyamaza, Mama. Mbwa wako hataguswa. Nimesema."

"Kweli, baba?"

"Lini nimekudanganya?"

Nikafikiri, nikatafuta, sikupata hata siku moja. Nikanyamaza.

Jumamosi iliyofuata mama alitutuma mimi na Kasiani kijitoni kufua nguo za kanisani. Kijito chenyewe kiko chini ya nyumba tu, ukiitwa unaitika bila kunyanyuka. Waseme akaanza kutufuata. Baba akampigia mluzi kutoka juu.

"Mwacheni leo, ana kazi na mimi."

Jamani, nilivyofurahi! Nikaona basi, wamepatana, mambo ya mbuzi yamekwisha. Tulifua, tukaanika kwenye majani. Nilisikia kware. Nilisikia watu wakitwanga upande wa pili, na Kasiani akiimba wimbo wa shule anaokosea maneno. Nayataja haya yote kwa sababu baadaye niliyarudia kichwani moja moja, nikitafuta kama palikuwa na sauti nyingine niliyoipuuza. Haikuwepo.

Tuliporudi mbwa hayupo. Baba naye yuko shambani, ameshika jembe la mama, anatengeneza ngolo. Kwetu hatulimi matuta ya kawaida. Tunalima ngolo, mashimo yaliyopangana kilima kizima, na kingo zake zimezikwa majani yanayooza kuwa mbolea. Mwanaume hufyeka na kuyapanga yale majani. Kugeuza udongo ni kazi ya mwanamke, na hilo halina mjadala. Sasa katekista mzima yuko pale peke yake, jasho linamtoka, anafukia na kushindilia shimo moja lililobomoka. Wanawake waliokuwa wakipita na kuni wakapiga vigelegele.

"Katekista, umeolewa lini?"

Hakucheka. Kwa kawaida angewajibu, maana ni mtu wa utani. Mimi nikaona anaona haya kwa sababu kakutwa anamsaidia mke wake. Nikajivunia kuwa na baba wa namna ile.

"Baba, Waseme yuko wapi?"

"Amenitoroka kule mateteni. Ameshika njia ya kuteremka ziwani. Nadhani amekumbuka kwao." Hakuinua kichwa. "Atarudi, Mama."

Jumatatu shuleni watoto wa ukoo wa Otmari wakanizunguka, eti baba yako kamwua mbwa wako. Nilipigana nao. Kisha nikawauliza swali lililowanyamazisha wote: nani alisikia bunduki? Hebu aseme aliyesikia. Kilima kizima hakuna. Bado sikuridhika, nikaenda kwa Mama Otmari mwenyewe. Nilimkuta anapepeta maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Jumamosi ulisikia bunduki ya baba?"

Akacheka, ungo ukatikisika. "We Skola! Ningesikia bunduki ya baba yako ningekosa kuja na bakuli?"

Ikawa imekwisha. Ushahidi gani mwingine ulitakiwa? Akanipa ndizi mbivu, yeye ambaye hajawahi kunipa hata kikonyo, nikaila njiani na moyo mweupe. Bunduki haikulia, kwa hiyo baba hakupiga. Nilikuwa namtetea kama wakili. Aliyemsema vibaya nilimfuata mpaka kwao.

Kila jioni tulisali rozari, baba akiongoza. Mwishoni kila mmoja alitaja nia yake, wengine wakaitikia. Ya kwangu ikawa moja tu. "Mtakatifu Antoni, unayetafuta vilivyopotea, mrudishe Waseme kutoka Lundo." Nao wakaitikia, "Utuombee." Sauti ya baba ilitangulia, nzito, bila kuyumba. Ya mama ilifuata kwa chini. Kasiani alipiga kelele kabisa ili mtakatifu asikie. Tuliomba mvua za kwanza zikinyesha, tukaomba Majilio yote. Mchana baba alitufundisha watoto wa komunyo ya kwanza amri za Mungu, na tulipofika ile ya nane, usishuhudie uongo, alinichagua mimi niirudie mbele ya wenzangu kwa sababu niliijua vizuri.

Krismasi shangazi akapanda kutoka ziwani na kikapu chake. Sikumwacha hata atue mzigo.

"Shikamoo, shangazi! Waseme alifika?"

Alimtazama baba juu ya kichwa changu. Niliona alivyomtazama, nikadhani amechoka na mlima.

"Alifika, Mama. Loo, amenenepa huyo! Anakula usipa mpaka anachagua. Anasema huku kwenu kuna baridi."

Nilicheza pale uwanjani. Siku anayoondoka nikampa kipande cha ndezi mkavu nilichokuwa nimekibania kwenye sahani yangu, ampelekee. Alikipokea. Alikifunga kwenye ncha ya kanga, akakaza fundo vizuri, akanishukuru kwa niaba ya mbwa.

Mwezi wa kwanza tukapalilia mahindi. Magugu ya shamba la ngolo hutupwa mashimoni yaoze. Mama akanionyesha pale baba alipokuwa akishindilia siku ile. "Jaza lile, Skola. Lile linataka majani mengi." Nikajaza. Nilitumwa nikajaza, siku baada ya siku.

Mahindi yalipoanza kuota ndevu, tumbili wakarudi. Jumamosi moja asubuhi baba akaniita.

"Njoo, Mama. Leo nikufundishe kuvizia."

Kasiani alitaka kuja akazuiwa, na mimi nikazidi kujiona. Tulipita juu ya kingo za mashimo, tumeinama, mkono wake begani kwangu, mafuta ya cherehani yananuka vidoleni mwake. Tukawakuta wako bize, mmoja amekaa kwenye kisiki anamenya hindi kwa adabu zote. Tulisogea karibu mpaka nikaziona kope zake. Nikasema moyoni, sasa baba atawaonya, na nikajiandaa kucheka wakikimbia.

Tup. Kama mtu kavunja ganda la karanga.

Yule wa kwenye kisiki akaanguka chali. Hakulia. Mwenzake aliyekuwa pembeni akamwangalia, akakwaruza mbavu zake, akaendelea kutafuna. Nilimtazama yule anayetafuna kuliko aliyekufa. Alikuwa pale pale, na hakusikia kitu.

Sikulifikiria jambo lile, lilinijia lenyewe. Kijito kiko chini ya nyumba. Kware, watwangaji, Kasiani na wimbo wake.

"Baba. Ndizo ulizompigia Waseme."

Angeweza kukana. Hata leo sijui kwa nini hakukana, maana ningemwamini tena, nakwambieni. Alifungua bunduki, akatoa ganda, akalitia mfukoni.

"Wangemtegea sumu, Mama. Angehangaika kutwa nzima. Mimi nilimpa ukoko, akawa anakula. Hakujua."

"Ulisema hataguswa."

"Nilisema."

"Yuko wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Sikuhitaji kugeuka. Nilijua ni shimo lipi, na ni nani aliyelijaza magugu.

"Mama anajua?"

"Anajua."

"Na Mama Otmari?"

"Nilimwita akaona, ili aridhike."

"Shangazi alisema amemwona! Alisema amenenepa!"

"Nilimwomba aseme hivyo." Akachuchumaa kama siku ile nyuma ya jiko, akanyoosha kiganja anifute uso. Nilirudi nyuma. "Ungelia, Mama. Sikutaka ulie."

"Nimelia tangu mvua zianze!" Nilimpigia kelele baba yangu, kitu ambacho kwetu hakifanywi, na tumbili wote wakakimbia. "Na zile sala? Nilikuwa naomba, na wewe unaitikia. Kila siku unaitikia!"

Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya kufundishia, "Sala haipotei bure."

Mbwa ningemsamehe. Nasema haya nikiwa mtu mzima, na nyumba yangu, na watoto wangu wanaoomba mbwa kila likizo. Mbuzi wa watu walikufa, na sumu ni kifo kibaya, hilo ninalielewa. Angeniambia Ijumaa ile, kabla ya kumpiga, ningegaragara, ningesusa kula, yangekwisha. Lakini alikwenda akamwua karibu yangu kwa ukimya nisioweza hata kuulaumu, halafu akaniachia nipite nyumba kwa nyumba nikiapa kwamba hakufanya. Kilima kizima kilinisikia naapa. Walinihurumia na ndizi zao mbivu, wakanifungia mlango nyuma wakacheka, au wakasikitika, sijui lililo baya zaidi.

Jioni tukasali kama kawaida. Nilipiga magoti mbali naye, ukutani. Mama alinitazama mara moja tu, akajua kwamba najua, akarudisha macho kwenye rozari yake. Kasiani peke yake ndiye aliyekuwa hana habari, ameketi juu ya visigino, anasubiri sehemu yake ya kupiga kelele. Tulipofika kwenye nia, ilipofika zamu yangu, sikusema kitu. Kasiani akanisukuma kwa kiwiko. "Skola! Waseme!"

Nilimwangalia baba nikasubiri. Nilijua atasema sasa, hana pa kukimbilia, yuko magotini mbele ya msalaba na mtoto wake anamtazama. Alikohoa kidogo, akasafisha koo.

"Tumwombe Mtakatifu Antoni," akasema baba, "atutafutie Waseme, arudi salama kutoka Lundo."

"Utuombee!" Kasiani akapaza sauti, macho kayafumba kwa nguvu zote.

Mama akaitikia. Baba akanigeukia, akanitazama kwa upole, akaongeza taratibu, "Na wewe, Mama." Kasiani akafumbua macho kuniangalia. Nikaitikia. Kuanzia jioni ile, ukimhesabu na shangazi, tukawa wanne tunaomdanganya mtoto mmoja.